Waliokuwepo Bandani

Ukimbeba kuku, ukaingia naye bandani kinyumenyume, mvua inanyesha na mashine ya kusaga inanguruma, mlango ukajifunga kabla hujamtua, mfumo wa mchezo wa Bondeni unachanganyikiwa. Unamwona kuku ndiye mchezaji. Wewe unakuwa kuku.

Niligundua Ijumaa, saa nane na dakika chache mchana, kwa bahati tu. Nilikuwa nakimbia mvua. Mvua ya Bondeni hailowanishi nguo, ila kofia ya kuchezea inakupiga ubaridi shingoni, na mimi ubaridi wa Uyole unanitosha. Mkononi nilikuwa na kuku mwekundu, nampima manyoya, kwa sababu wiki ile mafundi walikuwa wamebadilisha manyoya ya kuku wote na wachezaji wanalalamika kidole kinapita mpaka ndani. Nikarudi nyuma, nikaingia bandani, mlango ukajibamiza. Kuku akaanza kupapatika.

"We mjinga, tulia," nikamwambia.

Ikatoka sauti yangu. Yangu kabisa, ile ya kukwaruza.

Bondeni hakuna anayeongea kwa sauti yake. Hata mdomo hufungui, kofia inasoma koo. Mfumo unachukua ulichosema, unakisafisha, unakutolea kwa sauti tamu kama ya mtangazaji. Chafya inakatwa. Kigugumizi kinakatwa. Halafu maneno yako yanaandikwa kwenye faili lenye jina lako, na kampuni inawapa wanaoyataka: wenye maduka, wenye viwanda, waajiri. Ndiyo maana kucheza ni bure. Kila mtu anajua. Na mimi nilijua, na sikujali, kwa sababu nilikuwa sisemi kitu cha maana.

Nikafungua faili langu. Saa nane na dakika kumi na moja, chini ya jina langu, kumeandikwa: ko, ko, kokoo.

Nikacheka peke yangu chumbani kama kichaa. Halafu nikaenda kutafuta faili la kuku. Bondeni wapo kuku elfu arobaini na kila mmoja ana faili lake, mafundi wanahifadhi milio yao ili wasifanane. Nikamtafuta yule mwekundu. Namba 31207. Dakika ile ile. Kumeandikwa: We mjinga, tulia.

Nilijua nimepata tatizo la mwaka.

*

Kazi yangu ni kuandika ripoti za matatizo ya mchezo. Niliacha shule kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza, nilishindwa tu kukaa. Mwalimu akigeukia ubao mimi niko dirishani. Nimebeba viazi, nimekata nyasi, nimeuza vocha, kote nimeondoka mwenyewe. Hii ndiyo kazi ya kwanza iliyonishika, kwa sababu unazunguka siku nzima unagonga kuta, unaruka visima, unajaribu kuharibu vitu, halafu unaandika ulivyoviharibu.

Aliyenifundisha ni Kihwelo, msimamizi wetu. Alisema usiandike kama msomi, andika kama unamwelekeza mgeni nyumba ya msiba: kata kushoto penye mti uliokatwa, ukiona duka la kijani umepitiliza. Alisema usitume kitu hujakirudia mara tatu. Na alisema andika kila mchezaji aliyekuwepo, jina kwa jina, maana fundi akishapata jina anafungua faili, anaona kila kitu mwenyewe, hana haja ya kukuuliza.

Nilirudia. Mara ya pili ikakubali. Mara ya tatu nilisubiri mvua ya pili, saa nane na dakika ishirini, nikambeba kuku mwingine, nikaingia kinyumenyume.

Bandani kulikuwa na watu wanne. Kila mmoja kampakata kuku wake.

Sikuwaona mara moja, nilikuwa nimewapa mgongo, nao hawakunisikia kwa kelele za mashine. Nikawasikia, na wote walikuwa na sauti zao za kweli.

"Semeni tarehe, moja moja," mwanamke mmoja alisema.

"Mimi tarehe tisa," akasema kijana. "Nilidondoka pale kwenye tangi la dawa."

"Ulidondoka au ulilala?" Huyu alikuwa mama mtu mzima. "Maana wewe Ambakisye usingizi wako unajulikana mpaka Tukuyu."

"Nilidondoka, mama! Povu lilinitoka!"

"Haya, baba, usinipigie kelele, kuku wangu ana mimba."

Wakacheka. Na kwenye kile kicheko yule mwanamke wa kwanza akaanza kukohoa.

Bondeni hakuna kikohozi. Miaka miwili nimeishi humo sijawahi kusikia mtu akikohoa. Hiki kilianza kidogo, kikavuta, kikapasuka mwishoni kama kitambaa kinachanwa. Nakijua. Nimekisikia kila Jumapili kwa miezi mitatu, kupitia ukuta wa mabanzi wa nyumba yetu.

Nikageuka. Wakaniona.

"Nani wewe?" mama akauliza.

"Napita tu," nikasema, nikakaza koo ili sauti isijulikane, nikatoka na kuku wangu kwenye mvua.

Halafu nikavua kofia, nikanywa maji, nikakaa nikaandika. Naiweka hapa kama nilivyoituma, sijabadilisha kitu.

Tatizo: Mchezaji anahesabiwa kuku.
Mahali: Banda la kuku nyuma ya mashine ya kusaga, Bondeni Kusini.
Hatua: Subiri mvua ya saa nane. Hakikisha mashine inasaga. Mbebe kuku yeyote kwa mikono miwili. Mpe mlango mgongo, rudi hatua nne. Usimtue kuku mpaka mlango ujifunge.
Kilichotarajiwa: Maneno ya mchezaji yasafishwe na kuandikwa kwenye faili lake.
Kilichotokea: Faili la mchezaji linaandika mlio wa kuku. Sauti ya mchezaji inasikika bila kusafishwa.
Imerudiwa: Mara tatu kati ya tatu.
Waliokuwepo mara ya tatu: Malkia wa Ndizi. Simba Mchovu. Kitunguu. Bibi Harusi.

Ule mstari wa mwisho ningeweza kuuacha wazi. Wengi wanauacha, fundi hawezi kukufanya kitu. Ila ripoti yenye waliokuwepo inapewa nyota tano, na mimi sijawahi kupewa nyota tano katika maisha yangu, hata ya karatasi. Nilijiambia hayo ni majina ya mchezo tu. Nilijiambia watafunga mlango wa banda, basi. Nilijiambia huenda siye yeye.

Nilijua ndiye yeye. Malkia wa Ndizi ni dada yangu Tumpe.

*

Jumamosi asubuhi nakunywa chai, ripoti ikarudi na swali moja la fundi: Sauti ya mchezaji inakwenda wapi?

Sikufikiri. Ndiyo ukweli wenyewe. Ni kama mtu kukuuliza saa ngapi, unaangalia unamjibu. Kiazi kiko mdomoni nikaandika: Inakwenda kwenye faili la kuku aliyebebwa. Angalia kuku namba 31207, Ijumaa, saa nane na dakika kumi na moja. Nikaongeza kwamba mafaili ya kuku hayafutwi, labda kuku achinjwe. Hakuna aliyeniuliza hilo. Niliongeza kwa sifa.

Dakika nne. Kabla chai haijapoa Kihwelo alikuwa amenipigia.

"Dogo, umeua! Wakubwa wanauliza huyu Lusajo ni injinia wa wapi. Nikawaambia ni injinia wa Uyole."

Nikacheka naye. Siku nzima nilitembea mabega juu.

*

Tumpe alikuja Jumapili, kama kawaida, na gunia la parachichi zilizokataliwa. Amenizidi miaka tisa. Mama alipofariki ndiye aliyenilea, na ndiye aliyelia nilipoacha shule. Anafanya kazi kwenye ghala moja la kufungashia parachichi upande wa Rungwe. Wanaishi kambini wiki nzima, na kila mfanyakazi anavaa beji shingoni. Beji inasikia. Haivuliwi kazini, haivuliwi bwenini, inaachwa getini Jumapili mtu akienda kwao.

Alikaa kwenye kigoda, akakata parachichi, akanipa nusu.

"Umekonda," akaniambia.

"We ndiyo umekonda, dada. Hicho kifua umekwenda hospitali?"

"Nani atanipa ruhusa? Nikisema naumwa wananihamisha kwenye kufagia." Akakohoa, akageukia pembeni, akafuta mdomo na khanga. Akaikunja khanga haraka. Niliona. "Siyo mimi tu, Lusajo. Ni ile dawa mpya wanayochovyea matunda. Bweni letu tuko kumi na moja. La wanaume sijui wangapi, Ambakisye ndiye anayewahesabu."

Lile jina nililisikia bandani Ijumaa.

"Mnahesabiana vipi na beji shingoni?"

Akatabasamu. Tumpe akitabasamu anafanana na mama mpaka unataka kuondoka.

"Tumepata mahali. Usicheke. Kwenye huo mchezo wenu. Si wanatupa kofia nusu saa mchana, tupumzike? Binti mmoja, Sekela, aliingia na kuku kwenye banda kwa kucheza, akasikia anaongea sauti yake. Miezi miwili sasa tunakutana humo." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akangoja kipite. "Tunashika kichwani, kila mtu na watu wake: jina, tarehe aliyoanguka, alikuwa tangi gani. Karatasi getini wanakupekua. Mkaguzi wa afya kazini anakuja Alhamisi. Wakijua mapema watabadilisha dawa, watatutawanya, akifika anakuta harufu ya sabuni. Lakini hawatajua. Mama Gwantwa anasema Mungu ametuficha kwa kuku."

Nilikuwa nimeshika parachichi mkononi. Nilishindwa kula, nilishindwa kulitua.

"Mbona umenyamaza?" akauliza. "Nilijua utafurahi. Siku zote nakusema kazi yako ni ya kugonga kuta, kumbe kuna siku mchezo wako umetusaidia."

Sasa hapo ndipo pa kusema. Mtu yeyote angesema. Jua lilikuwa bado juu, watoto wa jirani wanapiga kelele, dada yangu ananiangalia kwa uso mkunjufu kabisa. Nikaliuma lile parachichi, nikasema, "Hili limeiva vizuri."

Jioni nikamsindikiza stendi. Akaniwekea mkono kichwani kama nilipokuwa mdogo, akapanda gari, akaenda. Nilirudi kwa miguu. Njiani nilijitukana kila tusi ninalolijua, na najua mengi.

*

Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa Mwanjelwa, ofisini kwa Kihwelo, ghorofa ya pili juu ya duka la vitenge.

"Nataka kuitoa ripoti yangu," nikamwambia.

"Ripoti haitolewi. Injinia mzima hujui?"

"Nilikosea."

"Imerudiwa na mafundi sita, dogo. Hujakosea hata nukta." Akanisogezea kiti. Sikukaa. "Kuna nini?"

"Wakifunga lile banda, yaliyosemwa mle ndani yanakuwaje?"

"Yanarudishwa kwa wenyewe. Leo saa kumi jioni mfumo unafungwa, wanaingia kwenye mafaili ya kuku, kila neno linapelekwa kwenye faili la aliyelisema. Umewaonyesha mwenyewe yako wapi. Halafu yanakwenda kwa wanaoyanunua." Akashusha sauti, si kwa siri, ni kama mtu aliyekumbuka kitu cha kuchekesha. "Unajua kuna ghala la parachichi limelalamika mara mbili? Eti wafanyakazi wao wanne kila saa nane mchana wanaongea kama kuku. Tulidhani wanatania. Majina yale yale uliyoandika wewe."

Nikakaa.

"Mmoja ni dada yangu."

Kihwelo si mtu mbaya. Kicheko kilimtoka usoni taratibu, akaangalia mlango kama umefungwa.

"Ulijua wakati unaandika?"

Ningeweza kumdanganya. Tayari nilikuwa nimeshadanganya mtu mmoja kwa kunyamaza, nikaona ulimi mzito.

"Nilijua."

Chini mtu alikuwa anapima kitenge kwa sauti, moja, mbili, tatu.

"Mimi nilikufundisha kuandika majina," akasema mwishoni. "Sikukufundisha kufikiri kabla. Labda kosa ni langu nusu."

"Hapana, kaka. Lote ni langu."

"Sasa unataka nini?"

"Ile ripoti nyekundu," nikasema. "Ya hatari kwa mwili. Inakwenda wapi?"

Miaka iliyopita kofia ziliwaunguza watu vichwa, serikali ikatoa amri: ripoti yoyote iliyowekwa alama ya hatari kwa mwili, ikishatumwa, nakala inaruka yenyewe mpaka ofisi ya usalama, na viambatisho vyake vyote. Kampuni inapata nakala pia, ila haiwezi kuizuia. Kila mwandika ripoti anajua. Hakuna anayeigusa, maana ukiitumia ovyo unafutwa kazi na kofia yako inazimwa maisha.

"Huwezi kuandika nyekundu kuhusu ghala la parachichi," Kihwelo akasema. "Lazima liwe tatizo la mchezo."

"Mchezo hauna kikohozi," nikamwambia. "Na mimi nimesikia kikohozi Bondeni."

Akaniangalia. Akasimama, akaenda dirishani, akanipa mgongo.

"Mimi saa nane huwa nakula," akasema. "Kompyuta siangalii."

*

Mvua ya pili ya saa nane ikaanza. Mashine inanguruma. Nikambeba yule mwekundu, 31207, nikarudi hatua nne, mlango ukajifunga. Nilikuwa nimenunua kisu sokoni mle mle Bondeni, kinaning'inia kiunoni.

Wote wanne walikuwepo. Simba Mchovu, jitu lenye manyoya, huyo Ambakisye. Kitunguu, bibi mnene, huyo Mama Gwantwa. Bibi Harusi na shela lake, Sekela. Na Malkia wa Ndizi, mrefu, taji la majani kichwani.

"Huyu ndiye yule wa Ijumaa," Ambakisye akasema, akanisogelea.

"Dada," nikasema. "Ni mimi."

Lile taji likageuka.

Niliwaambia. Sikuwa na maneno mazuri, nikawaambia kama ripoti, hatua kwa hatua, kwa sababu kuandika kwa njia hiyo ndiko ninakokujua. Ijumaa niliingia. Nilisikia. Nilimtambua dada yangu kwa kikohozi. Niliandika majina yenu ya humu. Jumamosi niliulizwa sauti inakwenda wapi, nikajibu. Jumapili dada alinieleza kila kitu, nikala parachichi. Leo saa kumi wanayachukua maneno yote wanawapa waajiri wenu.

Kuku mmoja akalia.

"Ametuuza," Ambakisye akasema. "Mdogo wako mwenyewe, Tumpe! Kwa bei gani?"

"Nyota tano," nikasema.

"Za nini?"

"Za kitu chochote hakuna. Ni nyota tu."

Akanirushia ngumi. Bondeni ngumi haiumi, mkono unapita hewani unatoa vumbi. Akarusha nyingine. Ningependa iume.

"Mwacheni," Mama Gwantwa akasema. "Tuna dakika ngapi mpaka kofia zivuliwe?"

"Kumi na tisa," Sekela akajibu. Alikuwa na sauti ya mtoto wa shule, inatetemeka.

"Sasa wewe, mwanangu, umekuja na kisu. Umekuja kutuchinja au kutuombea?"

Nikaeleza. Kila mmoja wao ana kuku wake wa siku zote, na miezi miwili ya maneno yake iko ndani ya yule kuku. Kuku akichinjwa, faili linafutwa pale pale, haliwezi kurudishwa. Lazima achinjwe nje, kwa sababu humu ndani yeye ndiye mchezaji na mfumo haukubali kumchinja mchezaji. Au asichinjwe, na mimi niliambatishe faili lake kwenye ripoti nyekundu, liende serikalini kabla ya saa kumi, na jina lake la kweli na sauti yake ya kweli. Ghala nalo litapata, siwezi kulizuia. Ila litapata wakati serikali nayo imeshapata.

"Ukichinja wangu," Ambakisye akasema, "hawatajua nilikuwa humu?"

Hapa pia ningeweza kudanganya.

"Watajua ulikuwa humu. Niliandika Simba Mchovu. Hawatajua ulisema nini."

"Mke wangu amejifungua juzi," akasema. Hakuwa anapiga kelele tena. "Tunakaa kwenye nyumba ya kambi. Nimemtaja bosi kwa jina humu. Nimemtukana." Akamtazama kuku wake, jogoo mdogo wa madoadoa. "Mchinje."

"Na wale uliowahesabu?"

"Nimewashika kichwani. Alhamisi nitaona kama nina kichwa."

Akanipa. Nikatoka nje na jogoo. Bondeni hakuna damu. Unapitisha kisu, kuku anageuka vipande vinne vya nyama kwenye mfuko wako, na kengele inalia ting, kama umeshinda kitu. Miezi miwili ya mtu. Ting.

Niliporudi kinyumenyume na mwekundu wangu, Mama Gwantwa alikuwa ananingoja mlangoni.

"Wangu tuma," akasema. "Mimi nina miaka hamsini na sita, watanifanya nini, wanizeeshe? Mtume, na uandike vizuri kwamba ni Gwantwa Mwaipaja, tangi namba mbili. Usije ukaandika Kitunguu kwenye karatasi ya serikali, nitakulaani."

Sekela alilia kidogo. Akauliza mama yake kijijini atajua? Nikasema sijui. Akauliza atafukuzwa? Nikasema labda. Akauliza mbona sina jibu zuri hata moja. Nikasema sina. Akampapasa kuku wake shingoni, halafu akasema, "Tuma. Mimi ndiye niliyegundua hili banda. Kabla yako."

Akabaki Tumpe.

Dakika sita. Alikuwa amesimama kona ya mwisho na lile umbo lake zuri la mchezo, na ndani yake ile sauti iliyochoka.

"Jana," akasema. "Tulikuwa wawili tu. Nilikukatia parachichi."

"Ndiyo, dada."

"Ungesema jana, tungekuwa na usiku mzima na asubuhi. Ambakisye angeongea na mkewe. Sekela angempigia mama yake. Umetuletea dakika kumi na tisa."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekula." Akakohoa, na hakugeuka pembeni, alinikoholea usoni mpaka kikaisha. "Unataka nikusamehe ili uandike vizuri?"

"Sijakuomba."

"Usiombe. Sina muda huo." Akanisogezea kuku wake, mweupe, mzito, ambaye alikuwa amemshika siku zote hizo kama mtoto. "Tuma. Ila majina yetu yasianze. Safari hii anza na lako."

Mlango ukafunguka, mvua ilikuwa imekatika. Mmoja mmoja wakazimika, kofia zinavuliwa huko kambini, beji zinasikiliza tena. Nikabaki na kuku wanne bandani wakidonoa sakafu: mweupe, wa Sekela, wa Mama Gwantwa, na mwekundu wangu, ambaye ndani yake nilikuwa nimekiri kila kitu kwa sauti yangu mwenyewe.

Nikavua kofia. Saa tisa kasoro. Nikaandika hii, nayo naiweka kama ilivyo.

Tatizo: Wachezaji wanakohoa.
Alama: Nyekundu. Hatari kwa mwili.
Mahali: Banda la kuku, Bondeni Kusini. Na ghala wanakofanya kazi, mabweni yote.
Hatua: Chukua mtu mzima mwenye afya. Msimamishe penye tangi la dawa saa kumi kwa siku, miezi mitatu. Mnyime ruhusa ya hospitali. Msikilize akicheka.
Kilichotarajiwa: Acheke.
Kilichotokea: Sikiliza viambatisho.
Imerudiwa: Bweni moja, watu kumi na mmoja. Bweni la wanaume, idadi haijulikani.
Waliokuwepo:
Lusajo Mwakalobo, mwandika ripoti. Nilimtambua dada yangu, nikaandika jina lake bila kumuuliza. Kuku namba 31207.
Gwantwa Mwaipaja, tangi namba mbili. Ameulizwa, amekubali.
Sekela Mwasomola. Ameulizwa, amekubali.
Tumpe Mwakalobo. Ameulizwa, amekubali.

Fomu ikaniambia ripoti yangu ya kwanza ilikuwa na mchezaji mmoja zaidi aliyekuwepo, Simba Mchovu, nimjaze. Ikanionyesha mahali, mstari wa tano, unawaka.

Nikauacha wazi, nikatuma.